Vitenzi Kumi na Viwili vya Mwalimu Zdravka

Mimi nilikaa ghorofa ya tatu, Zdravka Lalova alikaa ya nne, juu yangu kabisa. Nyumba zetu zile za zege zilijengwa haraka haraka, na bomba la maji la bafuni lilipitisha kila neno. Kwa hiyo naijua hata siku aliyoanza kuogopa. Ilikuwa Septemba ya mwaka wa tisini na moja. Nafua soksi zangu, mara nasikia sauti ya mwanamke juu ya dari ikitaja maneno nisiyoyaelewa, polepole, kama mtu anayekanyaga barafu ya mtoni asijue unene wake. *Walk. Walked. Have walked. Will walk.* Ikanyamaza. Ikaanza upya. Mara ya tatu ikakatika katikati, nikasikia kwikwi za kilio, kisha maji yakafunguliwa kwa nguvu ili mumewe asisikie. Mumewe hakusikia. Mimi nilisikia.

Jamani, na huyu alikuwa Zdravka! Mwanamke ambaye mji wetu mzima wa Dolna Rakita ulimwogopa. Miaka ishirini na miwili alifundisha Kirusi katika shule ya chini ya kilima. Vile vikaratasi vya majibu ambavyo wanafunzi huficha kwenye mikono ya mashati, ambavyo kwetu huitwa bastola, yeye alivigundua kabla havijatolewa. Fundi viatu wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa bado anatoa mikono mfukoni akimwona anakuja.

Kisha mambo yakageuka huko juu serikalini, na wazazi hawakutaka tena watoto wao wasome Kirusi. Ratiba ikachanwa. Mwalimu mkuu, mzee Cholakov, akamwita ofisini.

"Zdravka, kuanzia sasa unafundisha Kiingereza."

"Bwana Cholakov, mimi Kiingereza sikijui."

"Hata watoto hawakijui. Mtakwenda sawa."

Alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, akamweleza. Kila Jumamosi angekwenda mjini mkoani kwenye kozi ya walimu wa Kirusi wanaogeuzwa. Juni kungekuwa na mtihani. Ila kabla ya Juni mkaguzi angekuja kukaa darasani kwake, somo moja zima. Akiridhika, Zdravka angebaki. Asiporidhika, asingesubiri hata huo mtihani. Mwenzake aliyekuwa akifundisha Kirusi madarasa ya juu alikataa kozi, akaenda kuuza soksi sokoni. Na Tsvyatko, mume wa Zdravka, kiwanda chao cha pampu kilikuwa kimefungwa tangu kiangazi. Alishinda nyumbani akitengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika.

Mengi ya haya alinihadithia mwenyewe, miaka ya baadaye, tukiwa kwenye roshani yangu tunachoma pilipili hoho na kuzimenya. Nilimuuliza, "Hivi ulikuwa unaogopa nini hasa? Ufukuzwe?" Akasema, "Nilikuwa naogopa mtoto wa miaka kumi na moja aniangalie na ajue."

Basi alifanya hivi. Katika kitabu cha kozi alichagua vitenzi kumi na viwili, vyote vile vinavyotii. Kutembea, kufanya kazi, kucheza, kufungua, kufunga, kuosha, kupika, kutazama, kuuliza, kujibu, kusaidia, kusafisha. Hivi havina ubishi. Ukitaka jana, unabandika mkia uleule. Ukitaka kesho, unatanguliza neno moja na kitenzi chenyewe hakisogei. Alivikariri usiku na mchana, wakati wa umeme na wakati wa mgao. Kisha akaujenga mwaka mzima wa darasa la tano ndani ya uzio huo. Baba alitembea. Mama ameosha. Bibi atapika. Ivan na Maria wanasaidia. Akiwa humo ndani sauti yake ilikuwa ileile ya zamani, na watoto walinyooka kwenye viti.

Siku moja mvulana mmoja akanyoosha kidole.

"Madam, mbona watu wa Uingereza hawali wala hawalali?"

Vitenzi hivyo viwili, mnajua, havitii.

"Watakula mwaka ujao," akasema Zdravka. "Kaa chini."

Tsvyatko alipolisikia hilo alicheka hadi akashika ukuta. "Mke wangu, umewafungisha Waingereza kuliko mapadri!" Zdravka hakucheka. Aliingia bafuni akafungua maji.

Lakini mtu aliyemnyima usingizi alikuwa msichana, Plamena. Baba yake Plamena aliendesha lori kwenda Vienna, na alirudi na dishi la setilaiti, la kwanza katika mtaa wetu. Mtoto alishinda mbele ya katuni za Kiingereza. Hakuwa na kiburi hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha zaidi. Alikuwa akiuliza tu. "Madam, na hili neno je?" "Madam, mbona yule sungura alisema vingine?" Zdravka alikuwa na jibu moja: "Hilo ni la darasa la sita." Akamhamishia dawati la mwisho, karibu na jiko la makaa, na tangu siku hiyo hakumwita tena. Mkono wa Plamena ulisimama pale nyuma siku nzima mpaka ukachoka. Kufikia Februari ulikuwa haunyanyuki.

Mwanzoni mwa Machi ikaja barua. Mkaguzi Dragostinov, Alhamisi ya tatu ya mwezi, darasa la tano B, kipindi cha pili. Ilisemekana huyo bwana alikuwa amewaondoa walimu watatu katika mji wa jirani, na kwamba hakuwapigia kelele. Aliwasikiliza, akaandika, akavaa kofia yake.

Sasa, somo la mkaguzi kwetu halikuwahi kuwa somo. Lilikuwa mchezo wa kuigiza, na kila mtu alijua. Unalifanyia mazoezi na watoto wiki mbili. Na kuna ule mtindo wa zamani: ukiuliza swali, darasa zima linanyoosha mkono ili mkaguzi aone watoto wenye bidii, ila anayejua ananyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anaita wa kulia tu. Zdravka aliutumia miaka yote ya Kirusi. Lakini safari hii aliogopa mpaka mtindo wenyewe. Akajiambia, huyo mkaguzi ameshaona mikono ya kushoto mingi kuliko mimi. Atanikamata.

Ilikuwa Machi, na kila mtoto alikuwa amevaa mkononi uzi wake wa sufu, mwekundu na mweupe, aliofungwa tarehe mosi kwa desturi yetu. Mwingine kauvaa kulia, mwingine kushoto, kama alivyofungwa na mama yake. Zdravka alipoiona ile mikono, wazo likamjia.

"Sikilizeni," akawaambia. "Anayejua, ananyoosha mkono wenye uzi. Asiyejua, mkono mtupu. Mmeelewa? Na msiniangalie kama wezi."

Watoto walifurahi mno. Walifanya mazoezi siku nane. Mtu yeyote aliyesimama mlangoni angeona msitu wa mikono, kulia na kushoto, isiyo na mpango wowote. Zdravka alianza hata kula chakula cha mchana.

Alhamisi ikafika. Alishuka kilima akirudia vitenzi vyake, midomo ikitembea. Uani watoto walikuwa wanakimbia, wanapiga kelele wakionyesha angani, lakini yeye hakuinua kichwa. Alikuwa amefika kwenye *answered*. Mlangoni alisimama Dragostinov, mwanamume mwembamba mwenye koti la kijivu na mkoba wa ngozi uliopauka. Akamsalimu kwa heshima, akaenda kukaa nyuma kabisa, dawati la mwisho, kando ya jiko. Kando ya Plamena.

Mwanafunzi wa zamu akasimama kutoa ripoti. Alikuwa msichana mdogo mwenye sauti nyembamba, na hofu ya mwalimu wake ilikuwa imemwingia.

"Ndugu Mwalimu, naripoti—"

Darasa likaguna. Neno hilo la "Ndugu" lilikuwa limepigwa marufuku mwaka mzima. Lilikuwa la enzi iliyokwisha, na mtu aliyeendelea nalo alionekana bado anaililia. Mtoto akawa mwekundu, akajisahihisha:

"Ndugu Madam Mwalimu, naripoti tupo ishirini na sita, hakuna aliyekosa."

Mkaguzi akaandika kitu.

"Kaa," akasema Zdravka. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. Akageukia ubao, akaandika kitenzi cha kwanza, kutembea, akakipitisha wakati uliopo, uliopita, uliotimia, ujao. Kisha akauliza swali lake la kwanza, lile walilolifanyia mazoezi, akageuka.

Mikono ishirini na sita ilikuwa juu. Yote mitupu.

Alipekua mstari hadi mstari. Hakuna uzi. Hata mmoja. Alidhani macho yanamdanganya kwa hofu. Kisha akatazama dirishani, na pale uani, kwenye mplamu uliokuwa ndiyo kwanza unatoa machipukizi, matawi ya chini yalikuwa yamejaa nyuzi nyekundu na nyeupe, mpya, zinapepea. Ndipo akaelewa zile kelele za asubuhi. Korongo wa kwanza alikuwa amepita juu ya shule. Na ukishamwona korongo, uzi unauvua unaufunga mtini, hakuna anayesubiri. Yeye mwenyewe angeufungua wake, kama angeinua kichwa. Ulikuwa bado uko mkononi, umejificha chini ya sweta.

Mikono ikasubiri. Watoto walimwangalia kwa nyuso za upendo mtupu, wamenyoosha kama walivyofundishwa, wala hakuna hata mmoja aliyekumbuka.

Akamwita msichana wa dawati la mbele. Akajibu sawasawa. Akamwita jirani yake. Sawa.

"Samahani, mwenzangu," ikasema sauti ya mkaguzi kutoka nyuma, laini kabisa. "Dawati la mbele tuliache lipumzike. Ningependa kuwasikia wa huku."

Huku nyuma ndiko alikokuwa amewaficha wote wasiojua. Alikuwako Yanaki, ambaye tangu Septemba hakuwa ametamka neno la Kiingereza, naye sasa amenyoosha mkono juu kuliko wote, anatabasamu. Walikuwako mapacha wa mwokaji mikate. Alikuwako msichana aliyelia kila akiitwa. Zdravka alipita uso kwa uso, na kila uso aliuona umeandikwa barua ya kufukuzwa. Mtu mmoja tu kule nyuma alijua kwa hakika. Mkono wake haukuwa juu kama ya wengine. Ulikuwa umenyanyuka nusu, kiwiko juu ya meza, kwa sababu ya mazoezi tu.

"Plamena," akasema.

Mtoto akashtuka. Akatazama nyuma yake, kana kwamba kuna Plamena mwingine. Akasimama, akakigeuza kitenzi katika nyakati zote nne, haraka, kwa matamshi ambayo mwalimu wake hakuwa nayo. Zdravka akavuta pumzi.

"Vizuri. Kaa."

Hakukaa.

"Madam, naweza kuuliza? Jana kwenye katuni kulikuwa na paka, akafanya *sneeze*. Hicho nacho kinafuata vilevile?"

Mkaguzi akaiweka kalamu chini, akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Swali zuri," akasema. "Mwalimu atujibu. Nyakati zote, ubaoni."

Aliniambia kwamba wakati ule aliyasikia makaa yakijipanga ndani ya jiko. Neno hilo hakuwa amewahi kuliona, wala kulisikia. Hakujua ni kukimbia au kula au kufa. Hakujua kama linatii. Jibu lake lilikuwa tayari ulimini, lile la darasa la sita, nalo lingempitisha, kwa sababu hata wakaguzi wanapenda kufuata silabasi. Akafungua mdomo. Akamwona Plamena anainama tayari kukaa, anakusanya sketi yake, kwa sababu jibu hilo la mwalimu wake ameshalizoea.

"Sijui," akasema Zdravka.

Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kwake. Mmoja wa mapacha alifungua kinywa akasahau kukifunga.

"Sijui maana yake. Sijawahi kukutana nalo. Litamke tena, Plamena. Polepole."

Plamena akalitamka. Zdravka akaliandika kwa kubahatisha, chaki ikakatika, akaokota kipande.

"Tuone kama kinatii," akasema, na akakipitisha njia ileile aliyoipitisha vile kumi na viwili vya bafuni. Leo. Jana. Kimekwisha kutokea. Kesho. Alisoma kila mstari kwa sauti na darasa likamfuata, kwa sababu hicho ndicho kitu kimoja walichokijua barabara. Alipomaliza hakuigeukia nyuma ya darasa. Hakuweza kumtazama yule bwana.

"Huyo paka, Plamena, alikisema hivi? Ulikisikia kikiwa na huu mkia?"

"Ndiyo, Madam. Panya alimwambia hivyohivyo, *you sneezed*, na akamfungia nje."

"Basi kinatii. Sasa niambie maana yake."

Plamena hakutafuta neno. Alirudisha kichwa nyuma, akafumba macho, akapiga chafya kubwa ya paka mbele ya mkaguzi wa mkoa. Darasa likalipuka. Na katika vurugu hiyo Yanaki akasimama bila kuitwa, mkono umeshika pua.

"*I will sneeze!*" akapaza sauti. Akaangalia huku na huku kwa mshangao, kama mtu aliyekuta ufunguo mfukoni mwake.

Kengele ikalia.

Katika chumba cha walimu Dragostinov akafunga mlango. Mama wa usafi alikuwa ameacha kahawa na vipande vya mkate wa jibini, lakini hakuna aliyevigusa. Mkaguzi akaufungua mkoba wake juu ya meza.

"Niambie, mwenzangu. Alama ilikuwa nini?"

"Alama gani?"

"Bibi Lalova. Mikono ishirini na sita, na wewe umesimama kama umemwona marehemu. Alama ilikuwa nini?"

Hakuwa na nguvu ya kudanganya. Akavuta mkono wa sweta, akamwonyesha uzi.

Mkaguzi akauinamia, akautazama. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Na korongo akapita! Ah, mama yangu. Mimi wangu walikuwa wanakunja ngumi kwa kutojua, kiganja kwa kujua. Miaka kumi na tisa. Kirusi."

"Wewe nawe?"

"Unadhani wamewatoa wapi wakaguzi wa Kiingereza, mbinguni?" Akachomoa karatasi kutoka mfuko wa ndani wa mkoba. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, imejaa vitenzi kwa mwandiko mdogo. Bastola, na kubwa ajabu. "La huyo paka halimo. Nilikuwa nakaa pale nyuma namwomba Mungu usinigeukie ukasema, labda Bwana Mkaguzi atusaidie. Mtihani wangu ni Juni, kama wako. Nikianguka, wananirudisha kijijini kwa mama mkwe."

Hakucheka alipolisema hilo. Vidole vyake, Zdravka aliona, vilikuwa na wino hadi kwenye kifundo, kama vya mwanafunzi.

"Utaandika nini?" akauliza.

"Kuna wawili ofisini wanaosoma kila ninachoandika. Siwezi kuandika uongo mzuri sana."

Akaandika. Akaugeuza ukurasa kuelekea kwake. Ilisema kwamba somo lilifanyiwa mazoezi kupita kiasi. Kwamba mwalimu ana vitenzi vichache. Kwamba asichokijua anakiri na kukitafuta mbele ya wanafunzi, na wanafunzi wanamfuata. Aendelee kufundisha hadi mtihani wa Juni.

Aliusoma mara tatu. "Ni miezi mitatu tu."

"Na mimi nimepewa hiyohiyo," akasema Dragostinov, akavaa kofia yake.

Nisiwaache roho juu: Juni Zdravka alipita, kwa alama nne kati ya sita, akafundisha miaka kumi na moja mingine. Dragostinov naye alipita, kwa taabu. Lakini msidhani hofu ilimtoka Zdravka siku ile. Baada ya mkaguzi kuondoka alikaa nusu saa chumba cha makoti, katikati ya majaketi ya watoto yaliyolowa, mpaka mama wa usafi akamkuta akamletea maji. Wiki nzima aliota mikono mitupu.

Jumatatu aliingia darasani mapema, akabeba mwenyewe mkoba wa Plamena kutoka kwenye jiko la nyuma hadi dawati la kwanza, akauweka pale bila kusema kitu. Watoto wakaingia. Plamena akasimama mbele ya kiti kipya, akamtazama mwalimu, akakaa. Somo likaanza. Baba alifungua, mama amefunga. Hazikupita dakika tano mkono ukanyooka, moja kwa moja, sentimita chache kutoka kwenye pua ya Zdravka.

Moyo wake ukaruka kama siku ya kwanza. Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Haya, Plamena," akasema. "Uliza."